Stesheni ya Zigi, Chini ya Amani

Mtu akitoka Muheza, katika mkoa wa Tanga, akaushika mwendo kwenda milima ya Usambara ya Mashariki, hupita mashamba ya michungwa, kisha misaji ya Longuza iliyosimama safu kwa safu kama askari, na baada ya kilometa kama 25 hufika mahali paitwapo Zigi. Mlima umemsimamia mbele, mto unavuma karibu, na kando ya njia iko nyumba ya kale ya Wadachi. Mgeni asiyeambiwa hatajua ya kuwa hiyo ilikuwa nyumba ya bwana stesheni, maana gari la moshi halipo, wala reli haipo.

Wadachi waliandika jina la mto huu Sigi, na reli yao wakaiita hivyo. Ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1910, nayo haikuwekwa kwa ajili ya abiria, bali kwa ajili ya magogo. Mvule wa Usambara ulikuwa mali, na kampuni ya mbao ilitaka kuufikisha pwani. Basi wakatandika reli nyembamba, upana wake milimita 750 tu, kutoka Tengeni hata Zigi. Pale Tengeni ilikutana na reli kubwa ya Tanga, ambayo upana wake ni mita moja. Hapo ndipo palipokuwa na taabu: behewa la reli ndogo haliwezi kupita juu ya reli kubwa, kwa hiyo kila gogo lilishushwa na kupakiwa tena kwa nguvu za watu.

Tena nchi ile ni ya mabonde na miinuko. Palipokuwa pakali mno kwa gari kuzunguka, reli ilikwenda mbele hata ikakoma. Gari likasimama, njia ikageuzwa, nalo likarudi kinyumenyume kwa njia nyingine iliyo juu zaidi. Hivyo lilipanda kama mtu apandavyo ngazi, huku na huku. Lakini hata kwa hila hiyo halikufika Amani. Zigi ulikuwa mwisho wa reli. Huko juu Wadachi walikuwa wameweka tangu 1902 chuo kikubwa cha kuchunguza mimea na kilimo, na aliyekwenda huko alishuka Zigi, akaukabili mlima.

Lililo la ajabu machoni pangu ni hili. Nyumba iliyojengwa ili miti iondoke, leo ni mlango wa msitu ambao miti yake hairuhusiwi kukatwa. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania iliutenga msitu wa Amani, zaidi ya hekta 8,000, uwe hifadhi. Nyumba ya bwana stesheni ikatengenezwa upya, na humo wageni huelezwa habari za msitu kabla ya kupanda. Si kwamba miti yote ya zamani imerudi. Mvule haukui kwa siku moja, na yaliyobebwa yamekwisha bebwa.

Lakini mto ungali unashuka. Maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani, na kutoka hapo huenda katika mabomba ya Tanga, mji ule ule yalikopelekwa magogo.