Mwezi Mpevu na Mawazo Mabaya

Wengi hudhani kwamba msongo wa mawazo ni shida ya watu wazima wenye madeni na watoto. Mimi nina miaka 16, niko kidato cha tatu, na nakuambia mwanafunzi wa shule ya kutwa anaujua vizuri sana. Asubuhi ni kutembea, jioni ni kuteka maji na kupika, na usiku ndipo unafungua daftari huku macho yanajifunga. Halafu kuna pesa. Ni kweli serikali hulipia masomo yetu ya kutwa tangu 2008, lakini chakula cha mchana ni juu ya mzazi.

Mawazo yangu yalikuwa na siku zake. Mama anakaa Homa Bay, ambako hununua omena kwa wavuvi, akawaanika na kuwauza. Mimi nakaa na shangazi huku Migori, karibu na shule. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huziwasha juu ya maji, samaki wakafuata mwanga, kisha wavu ukavutwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, Ziwa Victoria lote linang'aa, taa haina kazi, na mashua nyingi hubaki ufuoni. Siku hizo Mama hana cha kuanika, na simu ya shangazi hailii.

Hapo kichwa changu kilianza hadithi. Pesa haijaja, basi nitarudishwa nyumbani. Nikirudishwa nitaachwa nyuma. Nikiachwa nyuma nitaanguka KCSE, na mwisho nikajiona nimezeeka bila cheti. Yote hayo kabla ya saa nne usiku! Moyo ulidunda, tumbo likakaza, usingizi ukapotea. Kesho yake mwalimu anafundisha hesabu, mimi natazama mlango nikingoja kuitwa jina.

Jioni moja shangazi aliniuliza mbona nausukuma ugali tu sahanini. Nikamweleza yote. Hakunicheka. Alifungua simu yake tukatafuta ujumbe wa pesa wa miezi mitatu, kisha akaniambia nitie alama kwenye kalenda ya ukutani, siku zote ambazo hatukupata kitu. Kumbe alama zilikaa pamoja, siku chache kila mwezi, wakati wa mwezi mpevu. Baada ya hapo pesa ilikuja kila mara.

"Unaona, mwanangu?" akasema. "Njaa ya mwezi ni kweli, siikatai. Lakini huo mwezi umewahi kukataa kupungua?"

Tangu siku hiyo nina njia zangu tatu. Kwanza, naugawa ukurasa mara mbili. Upande huu naandika lililotokea, upande ule ninaloliogopa. "Pesa haijafika" limetokea. "Nitaacha shule" halijatokea. Pili, kwa lile lililotokea natafuta hatua moja ya kufanya kesho. Hivyo ndivyo nilivyoenda na shangazi kwa mwalimu wa ushauri, na ikakubaliwa tulipe mwezi unapopungua, si tarehe moja kama wengine. Tatu, moyo ukidunda navuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Mwenye hofu hupumua haraka haraka, na pumzi ikitulia, mapigo ya moyo nayo hushuka.

Sisemi kwamba mawazo yamekwisha. Mwezi ukijaa bado nageuka geuka kitandani. Wala sisemi kalenda itamtosha kila mtu. Yuko mwenzetu ambaye huzuni yake haifuati mwezi wowote. Inakaa wiki baada ya wiki, hali vizuri, halali, hacheki na mtu. Huyo tusimwambie "jikaze". Tumsindikize kwa mwalimu, kwa mzazi au hospitalini, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Na wewe msomaji, fikira ikikwambia mambo yako huharibika siku zote, iulize ni siku zipi hasa. Chukua kalamu uzihesabu.