Simu Yake Mteja

Ijumaa, 12 Julai 2024, usiku

A., anayenifulia, ameacha nguo kwenye beseni. Hajawahi. Simu ililia saa saba hivi, akaisikiliza akiwa amechuchumaa, povu hadi kwenye viwiko, kisha akasema tu, "Mama, naenda. Kwetu kumeharibika." Nini? "Wametoa watu kwa maji. Kwa magunia." Akajifunga leso, akatoka. Hata pesa yake hakuchukua.

Nimekuja kuelewa jioni, kwenye taarifa. Kware, Mukuru kwa Njenga. Machimbo ya zamani yaliyojaa maji, taka zimetanda juu yake. Magunia ya nailoni, yamefungwa kwa kamba. Maiti sita. Na kituo cha polisi kiko pale pale, karibu kabisa. Hilo nalirudia kichwani hadi sasa. Kituo kiko pale pale.

Nilienda kwanza kufungua mlango wa chumba cha kijana wangu. Amelala, viatu bado miguuni. Tangu Juni 25, nikisikia maiti nawaza watoto wa maandamano. Shosho wa nyumba ya kona naye alinipigia: "Ni hao wetu waliobebwa?" Sijui, shosho. Leo hii hii Koome, mkuu wa polisi, amejiuzulu. Vijana pale langoni walikuwa wameanza kushangilia, halafu simu zao zikaanza kuonyesha yale magunia. Kimya.

Sasa inasemekana ni wanawake.

Nguo nimezisuuza mwenyewe.

Jumamosi, 13 Julai

Nampigia A.: mteja hapatikani. Asubuhi mteja, saa sita mteja, sasa hivi mteja.

Tuseme niende kituoni. Nitaandikisha nini? Jina moja. Namba ya simu. Kwamba anakaa Kware "karibu na kanisa", na huko makanisa hayahesabiki. Kwamba hanywi chai yenye sukari. Kwamba akifua anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, na akifika kwenye shuka anaacha kuimba kwa sababu shuka zinataka pumzi. Haya polisi hawaandiki.

Kwa mama mboga leo wanawake tumekuja wawili wawili, watatu watatu. Hatukupanga. Sukuma inakatwa na hakuna anayeharakisha kwenda zake. Kila mmoja ana mtu: binti wa shangazi aliyeenda Pipeline kutafuta kazi akakatika simu, dada wa saluni aliyedhaniwa amerudi ushago. Mama mboga hakusema kitu. Alikata ile sukuma nyembamba mno, kisha akatuongezea wote dhania bure.

Kware kwenyewe watu wanarushiwa gesi. Wamekuja kutazama wafu wao, wanarushiwa gesi.

Jumapili, 14 Julai

Amepiga!! Saa mbili asubuhi, kwa simu ya jirani. Yake ilikuwa imeisha chaji, na stima hakuna. Mungu wangu. Nimelia jikoni hadi binti yangu akaja kuuliza nani amekufa.

Amesimama ukingoni tangu Ijumaa. Wanaoshuka ni vijana wa mtaa, kwa kamba, wengine hata kitambaa puani hawana. Wanaingia kwenye uchafu ule, wanavuta. Wanawake wako juu. "Tunaangalia nguo, mama." Blauzi unayoijua, leso uliyowahi kuazima. Nyuso hazitambuliki, wanatazama nguo. Na wanasema kuna aliyeota ndugu yake aliyepotea akimwonyesha mahali pale pale, ndipo watu wakaanza kutafuta. Ndoto. Serikali nzima, na aliyefika wa kwanza ni mtu aliyeota.

Nikamuuliza kama anaogopa. Hakujibu moja kwa moja. Alisema: "Sisi kazi yetu ni simu. Mtu anapiga, anasema ana nguo za wiki mbili, unauliza wapi, unaenda. Ukiuliza mengi anaitwa mwingine."

Imenikaa kifuani siku nzima. Mimi pia nilimpata hivyo. Nilipewa namba, nikapiga, akaja kwa mtu asiyemjua, katika nyumba asiyoijua, na lango likafungwa nyuma yake. Sisi hapa Komarock tuna ukuta, tuna soja, tuna wazee wa Nyumba Kumi, na siku ile tuliona ni sisi tunaomwamini yeye.

Saa hizi fainali ya mpira. Hispania na Uingereza. Kelele za mabaa ya Kayole zinafika mpaka kitandani.

Jumatatu, 15 Julai

Wameshika mtu. Saa tisa usiku, kwenye baa, Soweto ya Kayole, alikokuwa akitazama fainali.

Soweto! Naenda huko kwa miguu. Kelele zile nilizozisikia nikijifunika blanketi, naye alikuwa ndani yake.

Amin, mkuu wa upelelezi (DCI), ametangaza. Collins Jumaisi, miaka 33. Chumba chake cha kupanga hatua chache kutoka shimoni. Panga, magunia, kamba, glavu, simu. Wanasema amekiri wanawake 42. Tangu 2022. Wa kwanza mkewe, wa mwisho Alhamisi iliyopita.

Arobaini na wawili.

Kijana wangu hakubali hata chembe. "Mathe, wamepata wa kubebeshwa." Shosho amekubali yote, anataka alale. Mimi sijui. Vyumba vile vya kupanga, jirani akikohoa unasikia. Kwa miaka miwili? Ikiwa ni kweli, basi simu 42 zilikuwa mteja na kuna watu waliozipiga na kuzipiga. Wangapi walienda kituoni wakaambiwa wangoje, labda ametoroka na mwanamume? Ikiwa si kweli, aliyefanya bado anatembea. Nageuza huku, nageuza kule, usingizi haupo.

Jumanne, 16 Julai

Jumaisi amepelekwa Makadara mahakamani. Atazuiliwa siku 30. Wakili wake anasema aliteswa ili akiri.

Mjini maandamano, gesi tena. Kijana aliondoka bila kuniaga. Amerudi jioni, macho mekundu, nikampa maziwa. Sina la zaidi.

Alhamisi, 18 Julai

Mkutano wa wakazi. Nimerudi na hasira, acha niandike kabla haijapoa.

Tulianza vizuri. Taa za njia ya nyuma, filimbi, wasichana wa sekondari wasipitie uwanjani jioni. Wanaume waliokuwa hawasalimiani walipeana namba za simu. Nikaona mtaa wangu, ule uliochangia mazishi ya mume wangu bila kuambiwa. Kisha mmoja akainuka: wafuaji kutoka Mukuru na Soweto wasiingie tena hadi walete vitambulisho na barua ya chifu. "Hatujui wanatuletea nini." Na watu wakapiga makofi. Baadhi ni wanawake ambao mashati ya waume zao yanafuliwa na hao hao!

Wanaotolewa kwenye magunia ni wao. Wanaoogopwa ni wao.

Nikasimama. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Nikasema ikiwa ni barua, basi na sisi tuandike: mwanamke akiitwa kufua hapa, apewe jina la anayemwita, namba ya nyumba, na jina la soja atakayemwona akitoka salama. Kimya kidogo. Shosho akagonga bakora sakafuni, akasema, "Ameongea." Haikupitishwa. Haikukataliwa pia. Mwenyekiti akasema itaangaliwa.

Jumamosi, 27 Julai

A. amekuja. Amekonda. Alinisalimia kama kawaida, "Mama, habari ya hapa," nikamshika mikono nikashindwa kuiachilia, hadi akacheka.

Kumbe wao hawakungoja mikutano. Wanawake wa njia yao wana utaratibu: ukiitwa, kabla ya kupanda matatu unamtumia mwenzako namba ya aliyekuita na mahali unapoenda. Ukifika, unatuma tena. Ukinyamaza zaidi ya saa mbili, wanaipiga ile namba kwa zamu, wote, mpaka ipokelewe. Nimemuuliza nani aliwafundisha. "Nani atufundishe?"

Nimeomba namba yangu iongezwe. Amefikiria kwanza. Halafu akaiandika.

Leo hakuimba.

Jumanne, 20 Agosti

Jumaisi ametoroka.

Kituo cha Gigiri. Gigiri, penye ubalozi wa Marekani na Umoja wa Mataifa, ambako hata kusimama kando ya barabara unaulizwa unangoja nani! Mahabusu 13: yeye na Waeritrea 12. Walikata waya, wakapanda ukuta. Waliopeleka kifungua kinywa alfajiri ndio walioona hawapo.

Mikono inanitetemeka nikiandika. Binti hatoki leo, basi.

Jumatano, 21 Agosti

Masengeli, kaimu mkuu wa polisi, anasema walisaidiwa kutoka ndani. Maafisa wanane wamesimamishwa kazi.

Shosho amekumbuka yule muuaji wa watoto. Oktoba 2021, Masten Wanjala, kituo cha Jogoo Road, tunakopita kila siku tukienda mjini. Naye alitoweka kituoni, siku aliyopaswa kupelekwa kortini. Watu wakamuua Bungoma, mambo yakafungwa hapo, na wale wazazi wakabaki bila kesi, bila hukumu, bila kusikia neno moja likisemwa mbele ya hakimu. Sitaki hivyo kwa Kware. Nataka apatikane hai, asimame, aulizwe, ijulikane ni yeye au si yeye, na kama si yeye peke yake, ni nani mwingine. Nataka majina ya wanawake yasomwe kwa sauti, yote.

Mama mboga amefunga saa kumi na moja.

Jumamosi, 24 Agosti

A. ameitwa kazi Utawala. Mwanamume, namba ngeni. Nikamwambia usiende, nitakupa hizo pesa mimi. Akanitazama. "Na wiki ijayo? Na ile nyingine?" Sikuwa na jibu. Akasema kodi ya nyumba haijui Jumaisi.

Basi tukapiga pamoja, simu ikiwa kwenye spika. A. akauliza: nyumba gani, ploti ya nani, kuna mwanamke hapo nimsikie? Mtu akakasirika, kwani yeye ni mwizi? A. hakupandisha sauti. "Hapana. Nataka kumsikia." Muda ukapita, mlango ukafunguliwa huko, akaja mwanamke, mtoto akilia mgongoni. Akasema jina la ploti. Akasema kuna duka la gesi chini. A. akamshukuru, akachukua begi lake.

Nimekaa na simu mkononi tangu alipopanda gari. Saa nne na dakika kumi: "Nimefika." Saa sita: "Nguo ni nyingi sana na sabuni hawajanunua."

Nimemjibu aongeze bei. Kesho baada ya kanisa mimi na shosho tunaenda kwa mwenyekiti, aseme wazi kama lile la barua, alilosema litaangaliwa, limeangaliwa.