Konde la Kwanza

Nilipoanza mazoezi ya ndondi jijini Nairobi, nia yangu ilikuwa kupunguza unene ulioletwa na miaka ya kukaa maktabani. Kocha alinizungushia bendeji mikononi, akanivisha glavu, akaniamuru nilipige gunia. Nililigusa tu, kisha nikaliomba radhi! Usicheke, msomaji. Sisi tuliopitia sarufi twajua kwamba mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kumbe kauli hiyo ya kutendwa ilikuwa imenikaa hadi kwenye ngumi.

Mama aliposikia aliuliza, "Mwanangu, ukivunjwa pua nani atakuposa?" Nikamtajia Christine Ongare, Mkenya aliyetwaa nishani ya shaba ya ndondi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka wa 2018. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua iwapo pua yake i nzima.

Unene haujapungua sana. Ila kocha hurudia jambo moja: konde linapokuja, usifumbe macho. Juma lililopita, nikitetea pendekezo langu la tasnifu, mhadhiri mmoja alinikatiza kwa mara ya tatu. Zamani ningaliinamisha kichwa. Nilimtazama usoni, nikasema, "Naomba nimalize, Profesa."

Nikamaliza.