Kipandauso si uvivu

Ukimwona mwanao amezima taa, amejifunika gubigubi na hataki kusemeshwa, usiharakishe kumwita mvivu. Huenda ameshikwa na kipandauso. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Mimi nimekilalia tangu shule ya upili. Maumivu ni sehemu tu ya mambo. Kabla kichwa hakijaanza kugonga, hupiga miayo bila usingizi na kukasirishwa hata na salamu. Kisha vimulimuli hucheza machoni, herufi za gazeti hukatikakatika, na neno ninalolijua vyema hugoma kutoka. Nikiwa kwenye matatu, kuhesabu chenji huwa mtihani.

Kwa nini? Wataalamu wanaeleza kwamba wimbi hutambaa juu ya ubongo kwa kasi ya milimita 3 hivi kwa dakika. Seli huchangamka ghafla, kisha hunyamaza kwa muda. Mbrazili Aristides Leão ndiye aliyelieleza wimbi hilo mwaka wa 1944, baada ya kuchunguza ubongo wa sungura. Likipita sehemu ya kuonea, unaona vimulimuli. Likifika penye lugha, ulimi hukwama. Si kila mgonjwa hupatwa na dalili hizi, na kwa kawaida kila moja huchukua dakika 5 hadi 60. Maumivu yasipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72, nayo yakiisha huacha ukungu akilini, pengine siku nzima.

Sasa fikiria mtahiniwa aliyeamkia hali hiyo siku ya mtihani! Atajua jibu, lakini hatalipata. Kumchapa au kumcheka hakutalileta. La kufariji ni kwamba ukungu hupita na akili hurudi ilivyokuwa.

Kwa hivyo, mzazi, mnunulie daftari. Aandike kila kinapompata: alilala saa ngapi, alikula nini na wakati gani. Daktari atafaidika nalo. Asikose mlo wala usingizi. Asimeze dawa za maumivu kila uchao, maana zikizidi nazo huzaa maumivu ya kichwa. Na mtu akilegea upande mmoja au akipoteza usemi ghafla kwa mara ya kwanza, usingoje. Mkimbize hospitalini, huenda ni kiharusi.

Na wewe mwanafunzi unayeteseka kimyakimya, mwambie mwalimu wako mapema, kabla ya msimu wa mitihani. Kipandauso si aibu.