Malaika Kidevuni

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa majina ya nywele. Zilizo juu ya macho ni nyusi, za ukingoni mwa jicho ni kope, za juu ya mdomo ni sharubu, za kidevuni ni ndevu, na zile laini zilizotapakaa mwilini ni malaika. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu niliifundisha orodha hii mara kadha. Nilipofika kwenye ndevu nilikuwa nikiharakisha, mkono u kidevuni, kwani mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi hao alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kunyoa.

Zilianza nikiwa na umri wa miaka 19. Kwanza unywele mmoja mweusi, kisha nywele tatu, kisha nikaacha kuhesabu. Mwenzangu bwenini aliziona, akaangua kicheko: "Kumbe una ndevu!" Neno hilo ndilo lililonichoma. Katika jamii zetu ndevu ni alama ya uanaume. Mimi nilikuwa nani basi? Nikanunua wembe na kuuficha sandukuni.

Nikazigeukia dawa za asili. Manjano yaliyokorogwa kwa maziwa yaliniachia kidevu cha njano na nywele zake pale pale. Papai bichi lilinitoa upele. Isitoshe, niliishi na hofu kuwa wembe ndio uliokuwa ukizizidisha. Laiti ningalijua kwamba tangu mwaka 1928 utafiti wa Mildred Trotter ulikuwa umeonyesha kuwa kunyoa hakuongezi unene wala kasi ya kuota! Ncha iliyokatwa huhisika butu, basi.

Likizo moja nilirudi nyumbani Mombasa kwa harusi ya binamu yangu. Somo wa bi harusi alikuwa jikoni akichemsha sukari, ndimu na maji mpaka shira ikawa na rangi ya asali, tayari kumtolea mwari malaika. Alinitazama usoni, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, hedhi yako huja kila mwezi?"

"La, Bibi. Hupita hata miezi minne."

"Shira hung'oa nywele, haing'oi sababu. Nenda hospitali. Mficha uchi hazai."

Methali hiyo nilikuwa nimeichambua mtihanini na kupata alama zote. Siku hiyo ndipo nilipoielewa.

Daktari alinipima damu na kupiga picha ya ovari. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba mwili wangu hutengeneza androjeni, homoni ambazo wanaume huwa nazo kwa wingi, kupita kiasi. Kwa sababu hiyo mayai hayapevuki kwa utaratibu, hedhi hupotea, na malaika laini hugeuka kuwa nywele nene nyeusi. Takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa ana hali hii. Kwa hivyo ndevu zangu zilikuwa malaika tu yaliyokomaa!

Nilipofika nyumbani mama aliuliza, "Daktari amesema una nini?" Nikafungua kinywa, nikakosa neno. Mimi, mwanafunzi wa Uzamili katika Kiswahili!

Sikuviacha vya asili. Nilivipa nafasi yake. Natembea kwa miguu kila jioni na nimepunguza sukari na wanga, kwani insulini inapozidi huchochea androjeni. Kwa aliyenenepa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kwaweza kurejesha hedhi. Hunywa chai ya nanaa pia. Majaribio madogo yaliyofanywa Uturuki na Uingereza yalionyesha kuwa nanaa hupunguza androjeni katika damu, ila lile la Uingereza, lililodumu siku 30 na kuchapishwa mwaka 2010, halikuonyesha kwa vipimo vya madaktari kuwa nywele zenyewe zilipungua. Nywele huota polepole. Hata dawa za hospitali huchukua miezi sita au zaidi kabla ya kuonyesha matokeo. Shira nayo naitumia, ikiwa vuguvugu isije ikaniunguza. Nywele hazijaisha, lakini hedhi yangu imerudi.

Dada msomaji, nywele zikianza kuota usoni na hedhi ikapotea, usiishie jikoni. Zikikuzukia kwa ghafla na sauti ikawa nzito, usingoje hata wiki.

Nanyi wanaisimu wenzangu, lugha iliyoipa kila sehemu ya mwili jina la nywele zake haishindwi kuyapa maradhi haya jina ambalo binti anaweza kumtajia mamake. Mimi nilimwambia mama hivi: "Mayai yangu hayapevuki vizuri, ndiyo maana malaika yangu yamekuwa ndevu." Alinishika kidevu, akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mamake naye alikuwa akijifunika mtandio usoni hata ndani ya nyumba, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini.