Nyumba Zinazohama

Ukiiambia kompyuta itafute makundi matatu, itakupa matatu. Ukitaka saba, chukua saba. Haijui kukataa, na hapo ndipo shida inaanzia.

Nilikuwa na data ya nyumba za kupanga Kibera na Kawangware: kodi, umbali wa maji, choo kinatumiwa na familia ngapi, stima ni ya tokeni ama ni ya sambaza. Sasa utajuaje makundi gani ni ya kweli? Nikaacha nusu ya nyumba nje kwa bahati nasibu, nikapanga zilizobaki upya, nikarudia mara 100. Kila mara swali ni lile lile: nyumba mbili zilizokuwa kundi moja, bado ziko pamoja?

Kwa makundi matatu, nyingi zilitulia. Kwa saba, ploti ile ile ya Gatwekera mara iko na za Laini Saba, mara imehamia kwa za Gatina.

Lakini kutulia pia kunadanganya. Mwaka 2006 Shai Ben-David, Ulrike von Luxburg na Dávid Pál walionyesha kwamba hata idadi mbaya ya makundi inaweza kutulia kabisa. Kwangu, makundi mawili ndiyo yalitulia zaidi: wenye tokeni na wenye sambaza. Si hata makanga wa 46 angekuambia hivyo, bila laptopu?

Mimi nazipenda zile zinazohamahama. Choo ndani, maji bado ya mtungi. Milango hiyo ndiyo naenda kubisha kwanza.