Mnyonge na Haki Yake: Kambi ya Hola na Lugha ya Mwenye Mamlaka

Methali isemayo "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" huchukuliwa aghalabu kuwa wito wa uadilifu. Ikisomwa kwa makini, hata hivyo, inabainika kwamba haimkatazi mwenye nguvu kunyonga. Inamtaka tu abakishe kitu kimoja ambacho mkono wake hautakifikia. Swali linalozuka ni hili: humfika nini mwenye nguvu pindi mpaka huo unapoondolewa? Kwamba mnyonge huumia ni jambo lisilohitaji kuthibitishwa. Lisilotajwa mara kwa mara ni kuwa anayemwumiza naye huoza, na kwamba uozo wake hujidhihirisha mapema katika lugha.

Ushahidi wa dai hili umo katika kumbukumbu za kambi za kizuizini zilizowekwa nchini Kenya wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mnamo Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu namna mahabusu walivyokuwa wakitendewa. Alikiri kwamba hali ile ilikumbusha Ujerumani ya Wanazi. Pamoja na kukiri huko, aliendelea kueleza jinsi kipigo kingeweza kubaki ndani ya sheria: wengu, ini na figo visipigwe, na mpigaji awe mtulivu asiyetawaliwa na hasira. Msomaji wa nyaraka hii, iliyokuja kujulikana kwa umma zaidi ya nusu karne baadaye, hashangazwi na ukatili wake pekee. Anashangazwa na utulivu wa sentensi zake. Mwandishi wake si mtu asiyejua mema na mabaya. Anajua, anataja anachokijua, kisha anakipita. Sheria, ambayo ilipaswa kuwa ndiyo ile haki ya mnyonge, inageuzwa kuwa maelekezo ya kumnyonga.

Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 85 katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, walitolewa kwenda kuchimba mitaro. Miongoni mwao walikuwamo waliokataa kazi hiyo kwa kuwa walijihesabu kuwa wafungwa wa kisiasa. Walipigwa virungu, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika mkokoteni wa maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo, lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Uongo huo ni dhaifu mno, na udhaifu wake unastahili kufasiriwa. Mwongo anayemwogopa msikilizaji wake huusuka uongo kwa uangalifu. Mwenye mamlaka yasiyo na mpaka, ambaye kwa miaka mingi hajaulizwa neno na anaowatawala, hupoteza hata ustadi huo. Wala uozo haukuishia kwa maafisa wa Kiingereza. Wengi wa askari walioshika virungu walikuwa Waafrika, wanyonge waliokabidhiwa kwa muda wanyonge wenzao. Ina maana kwamba ugonjwa huu haukai katika rangi ya mtu bali katika kiti alichokalia.

Kiti hicho kilibaki baada ya uhuru wa mwaka 1963. Sheria iliyoruhusu watu kuzuiliwa bila kushtakiwa ilirejeshwa mwaka 1966. Mwaka 1969, Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya kijikaratasi kilichouliza Kenya ilikuwa inaelekea wapi. Serikali iliyozaliwa kutokana na vizuizi haikuweza kustahimili swali. Mashairi aliyoyatunga gerezani kwa siri yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 yakapewa tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Ukilinganisha maandishi ya pande hizi mbili, utaona kinaya kikubwa. Afisa aliyekuwa na karatasi tele na wapiga chapa aliishia kuandika habari za mkokoteni wa maji. Mfungwa aliyenyimwa hata kalamu aliihifadhi lugha ikiwa na maana yake.

Mwezi Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wadai 5,228 fidia. Wengi wa walioteswa walikwisha kufa. Kwao, methali ilitimizwa kwa mfuatano wa maneno yake: walinyongwa kwanza, haki ikafuata. Hapo ndipo penye hatari ya methali yenyewe kwa jamii inayoiridhia. Haki inayosubiri mnyonge anyongwe ndipo itolewe haimkingi mnyonge, wala haimwokoi anayenyonga.